Neno Lililofunikwa na Kiwiko

Katika nyumba ile hapakuwa na sufuria ambayo kifuniko chake hakikuwahi kuinuliwa kabla ya wakati. Mama alikuwa chumba cha mbele akikanyaga cherehani, mgongo wake umeelekea jikoni, lakini masikio yake yalikuwa jikoni zaidi ya miguu yake ilivyokuwa kwenye cherehani. Kifuniko kikalia, ting!

"Wewe! Hebu uache wali uive," akasema bila kugeuka.

"Naangalia tu kama maji yamekauka, Mama."

"Yalikuwa yanakauka. Sasa yameuona uso wako, yameghairi. Wali hauivi kwa kuchunguliwa! Kila ukifunua, mvuke unatoka, na mimi naongeza mkaa."

Ndiyo maana aliitwa Chungulia. Jina lake jingine lilikuwa katika rejista ya darasa la sita, likitajwa asubuhi na kusahauliwa hadi asubuhi ya pili. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye shingo ndefu kidogo ambayo mjomba wake alidai imerefuka kwa sababu ya kazi. Kitabu cha hadithi alianza kukisoma ukurasa wa mwisho. Bahasha ya matokeo ya shule aliielekeza kwenye jua hadi herufi zikaonekana. Kusubiri kulimwasha mwilini kama upupu.

Mwezi ule, jambo aliloshindwa kabisa kulisubiri lilikuwa safari ya Mjomba. Mjomba, ambaye ni mdogo wake Mama, alikuwa fundi bomba wa ofisi ya maji. Maji ya mji wao yalitoka kwenye chemchemi iliyokuwa juu milimani, mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa miguu, na bomba lilishuka likipita katika chemba tatu zilizochimbwa ardhini. Kila mwezi Mjomba alipanda kuzikagua chemba hizo, akafungua koki na kutoa matope. Chungulia alikuwa ameomba kumsindikiza mpaka ulimi ukaota sugu.

"Mchungulia bahari si msafiri," Mjomba alimtania. "Kule hakuna duka, hakuna zahanati, hakuna wa kumwita. Nesi Mabuti anakuja shuleni kwenu kufundisha huduma ya kwanza ya porini. Pata beji yake, tutaondoka wote. Bila beji, huendi. Nimemaliza."

Nesi Mabuti alikuwa muuguzi mrefu, mkavu wa maneno, aliyevaa mabuti ya mpira hata siku za jua. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye machimbo ya mawe na kambi za wapasua mbao, mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki. Alifundisha alasiri tatu. "Huko mbali," alisema siku ya kwanza akiinua viganja vyake juu, "hospitali iko mbali, lakini mikono yako iko karibu. Sasa tuone kama mikono hiyo inajua kitu."

Siku hiyo ya kwanza Chungulia alisikiliza kwa masikio yote mawili. Alijifunza kwamba kabla ya safari unaacha maneno nyuma yako: unakwenda wapi, uko na nani, utarudi lini, na ukichelewa hadi saa ngapi watu waanze kukutafuta. Kila mtoto alipewa firimbi ya plastiki. Milio mitatu, nyamaza, milio mitatu tena. Nyumbani aliipiga mpaka Mama akamwambia kwamba angalau mgonjwa mmoja ameshapatikana, naye ni yeye Mama, kichwa kinamuuma. Siku ya pili walijifunza kuufunga mguu uliovunjika kwa vijiti, na namna ya kumkinga majeruhi na baridi ya ardhi.

Siku ya tatu lilikuwa somo la damu. Nesi Mabuti alileta sponji lililoloweshwa maji mekundu, akawagawia wanafunzi vitambaa. Na saa ileile lori likaingia uwanjani limebeba magoli mapya ya chuma. Chungulia alikuwa amekaa dirishani. Alichungulia kidogo tu. Kisha akachungulia kidogo tena. Alipogeuka, vitambaa vilikuwa vinakusanywa, na Nesi Mabuti anasema, "Kesho mtihani. Maswali kumi."

Kesho yake maswali tisa yalimwendea kama maji. La nane lilimkwama: *Majeruhi anatoka damu nyingi mkononi. Utafanya nini?*

Kando yake alikaa Karani, msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu. Karani aliandika kwa mkono wa kushoto, na kiwiko chake kilizoea kujilaza juu ya karatasi kama paka juani. Chungulia akarefusha shingo. Akayaona maneno haya: *Nitabana kwa nguvu*, halafu kiwiko, halafu *kuchungulia, dakika kumi kwa saa.* Neno moja dogo lilikuwa limekaliwa. Alisubiri kiwiko kisogee. Hakikusogea. Muda ukaisha, naye akaandika alichokiona, pengo akaliziba kwa kusogeza herufi.

Akapata kumi kwa kumi.

Mama alifurahi mpaka akasimamisha kazi ya mteja. Beji ilikuwa ya kitambaa cha kijani, duara, yenye viganja viwili vyeupe. Aliishona kwenye sweta la shule, upande wa kifua, akarudia mshono mara mbili. "Hii haitoki," alisema akikata uzi kwa meno. "Umeipata kwa akili yako, mwanangu."

Chungulia aliangalia pembeni. Kuna sifa inayowasha kuliko upupu.

* * *

Jumamosi saa moja asubuhi walikuwa ofisi ya maji. Bi Stoo, mtunza ghala, mama mnene mwenye mkufu wa funguo shingoni, aliwakabidhi tochi na ufunguo wa chemba. "Andikeni hapo kwanza," alisema akionyesha ubao mweusi. "Mimi si mganga wa kubashiri mliko."

"Mwenye beji aandike," Mjomba akasema.

Chungulia akachukua chaki: *Mjomba na Chungulia. Chemba ya tatu. Tutarudi saa nane. Tukizidi saa tisa tufuateni.*

Walipanda wakifuata bomba. Chemba ya kwanza, salama. Ya pili, matope kidogo. Saa tano kasoro walifika ya tatu, chini kidogo ya chemchemi. Ilikuwa chumba cha zege kilichozikwa ardhini, kirefu kwenda chini kuliko mtu mzima aliyenyoosha mikono, na juu kina tundu la mraba lenye mfuniko wa chuma. Ngazi ya mbao ilishuka ukutani. Mjomba aliuweka mkoba pembeni mwa tundu. Simu ilikuwa humo, na sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa humo.

"Chini kuna maji, visije vikalowa," alisema. "Njoo unishikie tochi."

Chini palinuka kutu na ukungu. Bomba lilipita katikati, na maji ya baridi yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mjomba alizungusha koki, bomba likakohoa, likatema, likaimba. "Umesikia?" alisema. "Mji mzima sasa unaosha vyombo kwa heshima yetu. Subiri hapa, nipande nikuvute kutoka juu."

Alikuwa kwenye kipandio cha tano cha ngazi pale mbao zilipolia, kra! Ngazi ilikuwa imeoza kwa ndani, ikiwa imevaa rangi kwa nje. Ikakatika vipande viwili. Mjomba alianguka kwa ubavu, na mkono wake wa kulia ukapita kwenye ncha ya msumari mrefu uliotokeza ubaoni.

Kwanza hapakuwa na sauti yoyote, ila ya maji. Kisha Mjomba akajivuta, akakaa juu ya bomba, akautazama mkono wake. Kutoka karibu na kiwiko hadi katikati ya mkono nyama ilikuwa imefunguka, na damu haikuwa inadondoka; ilikuwa inatiririka.

"Mjomba!"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya utani. "Mguu nao umeteguka. Usilie. Fanya ulichofundishwa."

Chungulia akatazama juu. Tundu la mraba lilikuwa palepale, na mbingu ya buluu ndani yake kama picha iliyotundikwa mahali ambapo mkono haufiki. Aliruka. Vidole havikugusa hata nusu ya njia. Mkoba ulikuwa pale juu, kamba yake ikining'inia kidogo ukingoni, kama inayomcheka.

Nitabana kwa nguvu. Hilo alilijua. Alivua sweta, akalikunja, akaliweka juu ya jeraha na kubana kwa viganja vyote viwili. Damu ilikuwa ya moto. Alibana. Akahesabu moyoni, akaona amebana muda mrefu kabisa, muda wa somo zima. Je, imeacha? Angejuaje bila kuangalia? Shingo ikamwasha. Akainua pembe ya sweta, kidogo tu.

Damu ikaruka upya.

Mjomba aling'ata meno. Chungulia akabana tena. Akahesabu moyoni mara ya pili, akavumilia akashindwa, akafunua tena. Damu ikamiminika kana kwamba haikuwahi kubanwa. Sasa ilikuwa inachanganyika na maji chini, na rangi ya midomo ya Mjomba ilianza kufanana na zege.

"Mpwa wangu," Mjomba akasema polepole, "ndivyo mlivyofundishwa hivyo? Kufungua na kufunga, kama duka?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Kati yetu sisi wawili, mwenye beji ni wewe."

Beji yenyewe ilikuwa pale. Sweta lilikuwa limekunjwa kwa namna ambayo duara la kijani lilitokea juu kabisa, katikati ya mikono yake, na viganja viwili vyeupe vilikuwa vinageuka vyekundu. Hakuweza kuangalia pembeni. Hapakuwa na dirisha, hapakuwa na lori. Kulikuwa na kuta nne, maji, Mjomba, na beji inayomtazama.

"Mjomba," akasema, na machozi yakamtangulia, "hii beji si yangu. Swali la damu sikulijua. Nilichungulia kwa Karani."

Mjomba alifumba macho. Chungulia akadhani amezimia, au amekasirika, na hakujua lipi baya zaidi. Kisha Mjomba akashusha pumzi.

"Tutagombana tukifika nyumbani. Leo sina damu ya kugombana. Karani aliandika nini? Niambie neno kwa neno."

"'Nitabana kwa nguvu', halafu kuna neno lilifunikwa na kiwiko. Halafu 'kuchungulia, dakika kumi kwa saa.'"

"Neno gani?"

"Hilo ndilo silijui! Labda 'kisha'. Labda 'na'. Nimejaribu kuchungulia, damu inarudi. Na hiyo dakika kumi kwa saa, maana yake kila saa nibane dakika kumi?"

Mjomba alicheka, kicheko kidogo kilichomuuma. "Na zile dakika hamsini nyingine damu ikafanye nini, ikapumzike? Hapana. Kwa saa, yaani kwa kutazama saa. Si kwa moyo. Moyo wenye hofu ukihesabu dakika moja unasema kumi. Tazama, saa yangu iko mkono wa kushoto. Ila hilo neno lililofunikwa, mpwa wangu, hilo ulitafute mwenyewe. Kichwa changu kinazunguka."

Chungulia akabana na kuwaza. *Kisha* kuchungulia. *Huku* nikichungulia. Kila neno alilolijaribu lilitoshea kwenye lile pengo, na kila moja lilimtisha. Damu ilikuwa ikijaribu kufanya nini huko chini ya sweta? Ilikuwa inajaribu kuganda. Na yeye kila mara anafunua. Anafunua, inaanza upya. Anafunua, inaanza upya. Wapi amewahi kusikia habari hii?

*Kila ukifunua, mvuke unatoka, na mimi naongeza mkaa.*

"Bila!" alipiga kelele, na chemba ikamrudishia: bila, bila, bila. "Mjomba, ni 'bila'! Nitabana kwa nguvu bila kuchungulia, dakika kumi kwa saa! Ni kama wali!"

"Sasa mkono wangu umekuwa wali," Mjomba akanong'ona. "Haya, pika."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na mbili. Chungulia akanyoosha viwiko, akaegemeza uzito wake wote juu ya mikono, akayatia macho yake kwenye mshale wa saa. Hujapata kuona kitu kizito kama mshale mwembamba wa saa unaotakiwa kuzunguka mara kumi. Dakika ya tatu, mabega yakaungua. Dakika ya tano, sweta likalowa juu, na kila kidole chake kikamsihi: funua uone. Badala ya kufunua, aliikamata kwa meno ncha ya skafu yake iliyoning'inia begani, akaivuta kutoka kichwani, akaiweka juu ya sweta, akabana juu yake. Dakika ya nane alianza kuimba majedwali ya hesabu. Ilipofika tano na thelathini na mbili aliongeza dakika tano nyingine, kwa sababu ya zile mara mbili alizofunua.

Skafu ilikuwa kavu. Hakufunua hata hapo. Aliifunga ile skafu kuzunguka sweta na mkono, ikakaza vizuri, kisha akashika vidole vya Mjomba kuona kama bado vina joto. Vilikuwa vya baridi, lakini alipovifinya kucha zilirudi kuwa na rangi.

"Unaweza kuvichezesha?"

"Naweza hata kukuchapa navyo."

Alimpangia vipande vya ngazi juu ya bomba ili akae bila kugusa maji, akauinua mkono wake uliofungwa ukakaa kifuani. Kisha akakaa mgongo kwa mgongo naye, wapashane joto, akaitia mdomoni firimbi iliyokuwa shingoni mwake.

Milio mitatu. Kimya. Milio mitatu.

Sauti ilipanda kwenye lile tundu na kupotea. Hakuna aliyeijibu ila ndege mmoja aliyeudhika. Saa sita ikapita. Saa saba. Picha ya mbingu ilibadilika kutoka buluu kuwa nyeupe, ikaingia wingu, likatoka. Kuta zilikuwa palepale. Chungulia alifikiria mama yake yuko cherehani, na kwamba hajui. Alifikiria yale maandishi ya chaki, yamefutwa labda, labda mtu ameegemea ubao kwa mgongo. Kila Mjomba alipofumba macho muda mrefu, alimtikisa.

"Kitendawili!"

"Tega," Mjomba akajibu kama anayetoka kisimani.

"Ana mdomo lakini hali, na analisha mji mzima."

"Bomba. Unamtegea fundi bomba kitendawili cha bomba? Huna adabu."

Milio mitatu. Kimya. Milio mitatu. Midomo yake ilikuwa imevimba. Saa tisa ikafika, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba kutafutwa si kupatikana. Kati ya ubao na chemba kuna mlima mzima. Saa kumi. Firimbi ilitoa mate kuliko sauti. Saa kumi na robo kitu kikaanguka ndani ya maji: kokoto. Halafu sauti ya viatu. Halafu ule mraba wa mbingu ukazibwa na uso mpana na mkufu wa funguo unaoning'inia.

"Jamani! Mko humo?"

Mjomba akafumbua jicho moja. "Nani tena huyo anachungulia?"

Hapo ndipo Chungulia alipolia kwa sauti.

* * *

Bi Stoo alikuwa amewasha pikipiki ya ofisi saa tisa na dakika moja, na vijana wawili wachimba mitaro nyuma yake, wamebeba kamba. "Kwenye ubao imeandikwa tisa," alimweleza kila mtu siku zile. "Mimi nasoma nilichoandikiwa."

Kwenye zahanati ya mji, Nesi Mabuti alikata skafu kwa mkasi, akalegeza sweta kwa maji ya chumvi, akalikagua jeraha. Kisha akashona. Nyuzi kumi na nne. Mama alisimama mlangoni, kiganja mdomoni.

"Nani alibana?" Nesi akauliza.

"Huyu hapa," Mjomba akasema. Alimtazama Chungulia tu, akamwachia nafasi.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Mama alikuwa anaanza kutabasamu. Chungulia akaliona sweta lake ndani ya beseni, na maji mekundu, na beji.

"Nesi," akasema, "nilibana, lakini kwanza nilifunua mara mbili. Sikulijua jibu. Kwenye mtihani nilichungulia kwa Karani. Mama, sikuipata kwa akili yangu."

Tabasamu la Mama lilizimika. Nesi Mabuti alivua glavu, akafungua kabati, akapekua rundo la karatasi. Aliisoma ile namba nane, mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa sauti: "'Nitabana kwa nguvu kuchungulia, dakika kumi kwa saa.'" Akakaa kwenye kiti. "Na mimi nikaweka tiki. Karatasi arobaini, nimechoka, nikaona maneno ninayoyatafuta nikapita. Kumbe hata mimi nilichungulia tu. Sikusoma."

"Sikiliza, mwanangu," Nesi akaendelea, na sauti yake haikuwa kavu tena. "Jibu la kuibia linatosha kwenye karatasi, kwa sababu karatasi haitoki damu. Lakini siku utakayolihitaji, mwenye jibu hayupo, kiko kiwiko chake tu. Mjomba wako alipoteza damu nyingi katika zile mara mbili. Angeweza kutorudi. Nataka ujue hivyo, si kukutisha. Na nataka ujue pia kwamba aliokoka kuanzia pale uliposema kweli. Ungeendelea kujifanya unajua, ungeendelea kufunua."

Walipofika nyumbani Mama alitia maji kwenye beseni. Alilifua sweta mara tatu. Halafu akakaa kitandani karibu na bintiye, akachukua kiwembe, akaanza kufumua beji. Mshono mara mbili, ilichukua muda. Chungulia alishika kitambaa ili kisichanike.

"Umekasirika, Mama?"

"Nimekasirika. Na nashukuru. Vyote viwili vinaenea humu," akajigusa kifua. "Nilikushonea isitoke. Lakini kitu ambacho si chako, hata nikikishona kwa waya, kitatoka. Nenda ukakitafute kilicho chako, nitakushonea tena. Uzi ninao."

Ijumaa iliyofuata, darasani, Nesi Mabuti aliweka sponji jekundu mezani na kuigeuza saa ya ukutani imwelekee Chungulia. Darasa lote lilikuwepo. "Atafunua!" mmoja akanong'ona. "Mkimwacha dakika mbili, atafunua!" Lori lilipita nje, likapiga honi. Shingo yake haikusogea. Karani, aliyekuwa ameshaombwa radhi na kusamehe baada ya kununa siku mbili, alimhesabia dakika kwa sauti. Kumi zilipotimia Nesi alimwuliza maswali yote upya, kwa mdomo, bila karatasi na bila jirani.

Jioni ile Mama alikanyaga cherehani, na duara la kijani likapita chini ya sindano, mshono mara mbili. Viganja vyake viwili havikuwa vyeupe sana tena. Kuna alama nyekundu ambayo sabuni haikuiweza. Mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umetundikwa shingoni kwa kitambaa, akilalamika kwamba fundi wa mkono mmoja hulishwa kwanza.

"Hebu tuone," Mama akaita kuelekea jikoni. "Wali umeiva?"

Chungulia alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria, mikono magotini, macho kwenye saa ya Mjomba aliyoiazima.

"Sijui, Mama," akajibu. "Bado dakika nne."